Osunaarashi aliondolewa sumo (mieleka ya Kijapani) akiwa na miaka 26 na nyie mnacheka tu!

Wakuu, salaam. Kuna jamaa karusha tena ile video ya Osunaarashi akihema mbele ya Bob Sapp, yule Mmarekani wa ngumi mchanganyiko, na watu wamejazana pale kumcheka, eti "huyu ndiye alikuwa mtu wa sumo?" Imeniuma sana. Leo wacha niseme.

Mnamjua mnayemcheka? Jina lake halisi Abdelrahman Shaalan, kijana wa Giza kule Misri, Mwafrika wa kwanza kuingia sumo ya kulipwa. Na mlango wenyewe ni tundu la sindano: tangu 2002 kila kambi, yaani nyumba wanamoishi na kufundishwa wanamieleka, inaruhusiwa mgeni mmoja tu. Kambi kadhaa zilimkataa mpaka ile ya Otake ikamchukua. Akaanza 2012 huko chini kabisa, ambako mshahara hakuna. Ni kupika, kufagia, kuwasugua wakubwa mgongo bafuni, na vijisenti vya posho. Mshahara unaanza daraja la pili kutoka juu, juryo, na hapo ni zaidi ya yen milioni moja kwa mwezi. Wajapani kibao wanazeekea huko chini bila kuuona. Yeye Novemba 2013 alishafika makuuchi, daraja la juu kabisa, lenye watu 42 tu.

Halafu Nagoya, Julai 2014. Mwezi wa Ramadhani, joto la Nagoya la kiangazi, na mtu amefunga! Aliyewahi kufunga Dar jua likiwa kali anajua nazungumzia nini, sasa ongeza kilo zaidi ya mia na hamsini na mtu wa kukurukia kifuani. Mapambano ya makuuchi hupigwa kuanzia kama saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, yaani magharibi haijaingia, koo kavu. Kijana akamwangusha Kakuryu, yokozuna, yaani mwenye cheo cha juu kabisa cha sumo. Kesho yake akamwangusha yokozuna Harumafuji. Mayokozuna wawili, siku mbili mfululizo! Mimi niliruka mpaka majirani wakadhani Taifa Stars imefunga.

Baadaye magoti yakaanza kumsumbua, na hapa ndipo hasira yangu kwa Chama cha Sumo cha Japani inapoanzia. Mashindano makubwa ni sita kwa mwaka, siku 15 kila moja. Ukiumia ukakaa nje, siku ulizokosa zinahesabiwa umeshindwa, na usipofikisha ushindi mara 8 unashuka. Zamani kulikuwa na utaratibu wa kumlinda aliyeumia ulingoni asipoteze nafasi yake. Waliufuta mwishoni mwa 2003, na sababu eti watu walikuwa wakiutumia vibaya. Tangu hapo watu wanapanda ulingoni na magoti yamefungwa mabandeji kama maiti. Atakayekaa nyumbani apone ni nani, wakati akishuka chini ya juryo mshahara wote unakatika? Osunaarashi akaporomoka mpaka juryo.

(Na kama mnadhani natia chumvi kuhusu wanavyojali miili ya vijana, tafuteni habari za Hibikiryu, Machi 2021. Aliangukia kichwa akalala kifudifudi ulingoni dakika kadhaa, hakuna daktari aliyemsogelea. Aprili akafariki, miaka 28.)

Sasa najua mtakuja na povu la gari. Sawa. Januari 2018 alipata ajali Nagano akiendesha bila leseni, wakati wanamieleka wamekatazwa kuendesha magari tangu 1985. Na mwanzoni alisema mkewe ndiye aliyekuwa akiendesha. Kosa ni kosa, na ule uongo siutetei hata kidogo. Machi 2018 chama kikampa "ushauri" wa kustaafu. Ushauri gani huo ambao hauna jibu lingine?

Ila nijibuni hili. 2007 mwanamieleka mwingine, Kyokutenho, naye aliendesha gari, akamgonga mtu anayetembea kwa miguu. Kanuni ni ile ile. Adhabu yake? Kufungiwa shindano moja! Akarudi, na 2012 akachukua ubingwa akiwa na miaka 37, watu wakalia kwa furaha. Mimi mwenyewe nilimshangilia. Sasa kwa nini mmoja afungiwe shindano moja na mwingine afutwe maisha?

Mimi naona shida ilikuwa wakati. Miezi michache tu kabla, Harumafuji huyo huyo alimpasua kichwa mwanamieleka mwenzake Takanoiwa kwenye baa, kashfa ikatikisa Japani nzima, na chama kikawa kinatafuta namna ya kuonekana kikali. Wakampata Mmisri wa juryo mwenye magoti mabovu. Nani angempigania?

Akiwa nje, anabaki na nini? Ukimwangusha yokozuna ukiwa maegashira, cheo cha chini ndani ya makuuchi, unapata nyota ya dhahabu, yen 40,000 kila shindano maadamu uko kwenye madaraka yenye mshahara. Kwake zimekatika siku ile ile. Kubaki kama mzee wa chama ufundishe vijana ni lazima uwe na uraia wa Japani. Hata Hakuho, bingwa mara 45, ilibidi aache uraia wa Mongolia 2019 ili apate kubaki. Ndiyo maana Septemba 2018 mnamwona Osunaarashi kwenye ngumi mchanganyiko, anashindwa kwa pointi na Bob Sapp. Alikwenda kule kwa sababu kazi aliyoijua ilikuwa imefungwa miezi sita nyuma, na nyie mnaitazama video hiyo moja tu.

Aliye na video ya zile siku mbili za Nagoya aiweke hapa chini. Na anayeweza kunieleza tofauti ya adhabu ya Kyokutenho na hii aje na hoja, matusi abaki nayo.