Tupeane uzoefu: mgeni wako wa likizo unamkingaje na jua la Mombasa?

Mwenyeji wa Bamburi: Wenzangu mnaopokea wageni Disemba hii, hebu tupeane uzoefu. Wangu wakishashuka treni pale Miritini, wazo lao ni moja tu: maji. Ukiwaambia wangoje jua lipoe watakujibu, "Mbona hakuna joto, upepo mtamu!" Kaskazi ndiyo inayowazuga. Inapoza ngozi, lakini miale iko palepale, na kati ya saa nne na saa kumi ndipo inapochoma hasa. Siku hizi sihubiri. Natundika fulana za mikono mirefu na kofia za ukili mlangoni, anayetoka achukue. Na wanachukua! Nyinyi mwafanyaje?

Nahodha: Mimi napeleka watu kutazama matumbawe. Wanaoungua vibaya si wanaolala mchangani, ni hawa wanaoelea kifudifudi na miwani wakifuata samaki. Uso majini, mgongo juu, saa nzima imepita hajijui. Na maji si kinga: hata nusu mita chini, miale hiyo bado inafika kwa kama asilimia 40. Nilikuwa na mgeni mmoja, mgongo wote mwekundu isipokuwa alama nyeupe ya kamba za vazi lake. Kesho yake akaniambia kalala kwa tumbo usiku kucha. Kwangu sasa bila fulana hushuki. Losheni ya kukinga jua nayo jipakeni nyumbani, nusu saa kabla. Mtu akijipaka huku anaruka, naiona ikitanda juu ya maji kama mafuta ya mchuzi.

Mama wa wawili: Mume wangu mweusi tii, alikuwa akisema losheni ni ya Wazungu. Kweli melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, yamsaidia, lakini sisi tukiungua hatuwi wekundu, ndiyo maana hatushtuki. Ngozi inawaka, inavuta, baadaye inabambuka puani. Aliyemuweza ni binti yetu: anampaka kwa lazima, mpaka juu ya masikio, losheni ya SPF 30 (kipimo cha kinga ya jua), kila baada ya saa mbili na kila akitoka majini.

Shangazi wa Kibokoni: Wageni wananiulizia liwa na mafuta ya nazi. Jamani, liwa ni urembo, nami najipaka. Nazi ni ya nywele na kulainisha ngozi. Hakuna hata kimoja cha kumkinga mtu na jua.

Mjomba: Mpwa wangu ana ualbino. Losheni anapata bure kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lakini haitoshi peke yake. Akija likizo, watoto wote wa nyumba wanakwenda ufuo wa Pirates saa kumi na moja jioni, si yeye tu, asijione katengwa. Na wale wengine nao hawaungui tena.

Mgeni mpya: Wangu kashaungua mabega tangu jana. Nifanyeje?

Mwenyeji wa Bamburi: Maji baridi ya bomba, si barafu. Akae kivulini na anywe maji mengi. Malengelenge asiyapasue. Akishikwa na homa au akitapika, hospitali. Dafu anywe tu, asijipake.