Biri: wembe mbili, V au panchi? Ladha ndiyo naitaka

Kijiti_Kavu: Wakuu habari. Wiki hii naagiza kifaa cha kukatia kichwa cha biri (sigara nene ya majani ya tumbaku), hela inatosha kimoja tu. Chaguo zimebaki tatu: wembe mbili (inakata kichwa moja kwa moja), V (inachonga mfereji) na panchi (inatoboa tundu la duara). Biri zangu zikiungua hadi nusu zinakuwa chungu. Nichukue kipi?

MzeeKofia: Mkuu, mbona hujasema umbo wala unene? Torpido ina kichwa kilichochongoka, panchi haina pa kutoboa. Unawashia nini? Unazitunza wapi, mkoa gani? Uchungu wa nusu ya pili mara nyingi kikatio kinasingiziwa tu.

Panchi_Tu: Robusto (biri fupi nene) ya unene wa 50 (karibu milimita 20) panchi ya milimita 9 inaitosha. Zungusha taratibu, kofia (kijani kinachoziba kichwa, upande wa mdomoni) haipasuki, wala huli makapi ya tumbaku.

MzeeKofia: Tundu dogo hukusanya lami ukingoni, ulimi ukaanza kuwaka. Moshi usipokuja vizuri, mtu huvuta kwa nguvu; kaa likipanda joto, uchungu huo. Wembe mbili: lowesha kofia kidogo, kata milimita 2 kwa mkupuo mmoja, usisite katikati. Ukishuka chini ya mstari wa kofia, jani la nje linafunguka kama bandeji. Mkono unatetemeka? Laza kikatio mezani, simamisha biri ndani yake kichwa chini. Meza itaizuia isizame.

Kijiti_Kavu: Robusto, torpido mara chache. Kiberiti cha petroli. Niko Dar, naziweka kwenye droo.

BintiMoshi: Petroli! Hapo ladha imeshakufa kabla hujavuta. Tumia gesi, au njiti ndefu na usubiri kichwa cha njiti kiishe kuungua. Inamisha biri, moto ukae sentimita 1 hadi 2 chini ya ncha ya kuwashia bila kuigusa, zungusha sekunde 20 au 30 mpaka ukingo mzima uwe mweusi. Ndipo uvute huku ukizungusha. Ipulizie ncha: pasipong'aa hapajashika. Ukipaacha, itaungua upande mmoja mpaka mwisho.

Kabati_Kavu: Mnabishana vikatio na biri imelowa! Unyevu wa Dar siku nyingi unapita 75%. Biri ikinywa maji inazimika, mtu anaifukuzia kwa kuvuta harakaharaka, basi chungu. Nunua kopo la plastiki linalofunga kabisa, tia pakiti ya unyevu ya 65 (inayoshikilia unyevu kwenye 65%) na kipima unyevu. Kipimo chenyewe kipime kwanza: chumvi kwenye kizibo cha soda, matone ya maji iwe kama uji mzito, vyote ndani ya mfuko uliofungwa saa 24. Kinatakiwa kusoma 75. Kikisoma 71, ongeza 4 kila unapokisoma.

Panchi_Tu: Na mwendo. Mvuto mmoja kwa dakika, moshi uishie mdomoni. Ikianza ukali, puliza ndani yake polepole kusukuma moshi mchakavu nje, uiache dakika nzima. Majivu ya sentimita 2 yaache, yanapunguza moto.

BintiMoshi: Majivu ni mbwembwe, yatakuangukia kwenye shati.

MzeeKofia: Yakidondoka mapema, jani halikukunjwa vizuri. Si mbwembwe.

Kijiti_Kavu: Kwani friji haifai?

Kabati_Kavu: Friji inakausha, na biri itanukia samaki. Friza ni kwa wadudu tu, maana joto likizidi nyuzi 24 mayai yanaanguliwa. Zifunge kwenye mifuko miwili, friji siku 1, friza siku 3, friji tena siku 1.

MzeeKofia: Friza inapasua jani la nje.

Kabati_Kavu: Ukitoa ghafla! Nimeandika friji tena siku 1, soma.

Kijiti_Kavu: Sasa V mbona hakuna anayeisemea?

BintiMoshi: V kali inafungua kina bila kula kofia nyingi. V butu inachana. Ila mkuu, tuonyeshe kwanza picha ya hiyo droo.