Upanga kopi wa jeshi la Japani, mpini na kinga si vyake. Nianzie wapi?

mtoto_wa_kibokoni:
Wakuu salaam. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki), mwaka 1944 walikuwa Burma na ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki wakiwafuata Wajapani bonde la Kabaw mpaka Kalewa, na hadithi aliyokuwa hachoki kuisimulia ni ya upanga wa luteni mmoja wa Kijapani aliouona umelala matopeni, yeye hakuuokota, aliuokota sajini wake na hilo lilimkera mpaka kufa. Mzee ashatangulia, medali yake ya Burma Star iko kwetu, nikasema nitafute upanga kama ule niuweke pembeni yake kwa kabati la kioo. Nikanunua kopi kwa muuzaji wa mtandaoni, akaniapia ni sawasawa na ule wa jeshi.

Juzi nimeulinganisha na picha za zile za kweli, kumbe nimeuziwa pilau. Mpini ni chuma kitupu kimechorwa mistari kama kamba iliyosukwa, rangi ishaanza kubanduka, umekazwa na skrubu. Kinga ya mkono ya njano yang'aa kama bomba la sinki, maua yake yamefura kama bisi. Ala nyeusi tititi. Kishada chekundu chote, cha pazia kabisa. Na ukiutikisa wafanya kakakaka. Chuma chenyewe kikae vile kilivyo, nataka kubadilisha hivi vya juu tu. Na hapa Mombasa nani ataifanya kazi hii bila kuniona mwehu?

fundi_tupa:
Pole ndugu yangu. Kabla hujashika bisibisi amua kwanza huo upanga wataka uwe wa nani, kwa sababu shida yako si vifaa vibaya, ni vifaa vya watu wawili tofauti. Mpini wa chuma wenye mistari ya kuchorwa na skrubu ni wa masajini na makoplo, modeli ya 95 ya mwaka 1935, ule ulikuwa wa kiwandani, mpini mwanzo shaba nyekundu baadaye alumini iliyopakwa rangi. Kinga yenye maua ya mcheri ni ya maafisa, modeli ya 94 ya 1934 ama 98 ya 1938 (hizo namba ni za kalenda yao ya kifalme, 1934 kwao ilikuwa 2594). Sasa babu alisema luteni, kwa hivyo huo mpini wote utoke.

Wa afisa ni mbao, juu yake ngozi nyeupe ya taa, ndiyo, samaki taa huyu huyu wa baharini, halafu utepe wa kahawia wasukwa juu yake ukiacha vile vijidirisha vya almasi ngozi ionekane. Chini ya utepe kila upande kuna pambo dogo la maua matatu ya mcheri. Na haushikwi na skrubu! Washikwa na kijiti cha mwanzi kinachopita kwa tundu la mbao na tundu la msuka (ule mkia wa chuma uingiao ndani ya mpini), basi.

Lakini nahofia kitu kimoja, msuka wako waweza kuwa mfupi ama mwembamba kwa sababu wametengeneza wa mpini wa chuma. Ufungue utwambie.

shehe_wa_tuktuk:
Mimi swali langu ni moja tu, huo upanga ukienda nao kwa fundi utaubeba vipi? Manake ukipandishwa tuktuk Makupa na mpini watokeza kwa gazeti, maelezo ya Burma utayaelezea kituoni 😂

mtoto_wa_kibokoni:
😂😂 nitamleta fundi nyumbani shehe.

Nimeufungua. Msuka una urefu wa kiganja na vidole viwili, upana wafaa, tundu liko moja lakini kubwa la skrubu. Hauna kutu hata kidogo, waonekana umekatwa jana. Kuna namba zimepigwa kwa chuma karibu na kinga na alama kama muhuri.

bintimwalimu:
Hapo kwa kutu ndo nilitaka kusema. Wengine wasomao hapa, kama una upanga wa Kijapani wa urithi na umefungua ukakuta msuka umeiva kutu nyeusi na maandishi ya patasi, funga, usipige msasa, usipake kitu, ile kutu ndiyo umri wake na ndiyo watu wausomea. Wa ndugu yetu ni kopi wazi, aupige tupa apendavyo. Ila hizo namba na muhuri wa uongo mimi ningezifuta, ama ningeandika kwa msuka "kopi", kwa sababu ukishaurekebisha ukapendeza, siku moja mjukuu atauuza kama wa kweli na mnunuzi ataibiwa kama ulivyoibiwa wewe.

Kishada nacho si mapambo, ni cheo. Luteni mpaka kapteni ni kahawia na buluu. Meja mpaka kanali kahawia na nyekundu. Majenerali wao waongezewa dhahabu. Hicho chako chekundu kitupu hakina mwenyewe jeshini.

Kwetu pia mjomba wa mama alikuwa askari wa mizinga, alipanda ile meli Khedive Ismail iliyotoka Kilindini Februari 1944 ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani kabla ya kufika Colombo, waliokufa wapita elfu moja mia mbili. Sisi hatuna medali wala upanga, tuna jina tu. Kwa hivyo kabati lako lifanye vizuri.

mtoto_wa_kibokoni:
Inna lillahi. Nitalifanya vizuri dada, wallahi.

fundi_tupa:
Allah awarehemu.

Haya sasa kazi. Msuka huo watosha. Lile tundu kubwa usihangaike nalo, kijiti chako kichonge kinene kulifuata, mwanzi uliokauka sawasawa, na kiingie kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mbao si kwa kusukumwa na dole gumba.

Ile kakakaka inatoka kwa washa, vile vibati vyembamba vyenye tundu vinavyobana kinga. Ukitoka upande wa makali mpangilio ni kola ya shaba, washa, kinga, washa, halafu ndo mdomo wa mpini. Za kweli zina washa kadhaa kila upande, wewe pengine una moja moja tena za bati. Nunua kipande cha brasi ya milimita moja, chora umbo la yai, toboa katikati kwa keke halafu umalizie na tupa ndogo kidogo kidogo huku ukijaribu, ukikata sana ishaharibika. Ongeza mpaka kijiti kikiingia kitu chote kinyamaze. Hata kama hutafanya lingine lolote fanya hili.

Kinga usiitupe. Toa ule mng'aro kwa msasa laini, pitisha tupa ya sindano kwa kila petali mpaka maua yaache kuwa bisi, kisha ipake rangi ya shaba iliyozeeka. Ikiwa ni zinki usiiweke motoni ikayeyuka ukanilaumu.

Utepe nunua wa pamba mweupe mita tano kwa wauza vitu vya cherehani, uloweke kwa chai ya rangi nzito usiku kucha. Kusuka ndo kwenye mtihani, kila mkunjo wapishana, huu kulia juu, unaofuata kushoto juu, na chini ya kila mkunjo waweka kikaratasi cha pembe tatu kilicholoweshwa ili utepe usibonyee. Mara yangu ya kwanza nilifumua mara sita. Ala ipake kahawia ya kijeshi iliyoelekea kijani, na ikiwa ina pete mbili za kuning'inizia toa ya chini, ya 98 ina moja.

Mbao ya mpini mpe mchongaji yeyote Changamwe, mwambie wataka vipande viwili vya kugandishwa vyenye mfereji wa msuka ndani. Hatakuona mwehu, wameshachonga vifaru.

mtoto_wa_kibokoni:
Taarifa wakuu. Washa nne zimeingia, umenyamaza kabisa. Mchongaji asema Alhamisi. Ngozi ya taa nimeipata bure soko la samaki Mji wa Kale, nimeikwangua nyama, nikaitia chumvi nikaipigilia misumari kwa ubao nikaianika rosheni kivulini. Leo siku ya tatu. Jirani wa chini amekuja kuuliza kwa adabu sana kama kuna paka aliyekufa, na mke wangu amehamia kwa mamake mpaka ikauke. Hivi hukauka kwa siku ngapi?

shehe_wa_tuktuk:
Ikikauka nitamrudisha mke bure, nauli juu yangu 😂