MREJESHO: Kipimo cha ngozi kimevimba, je nina TB?

Wakuu, niliuliza hapa: mimi nesi wa wodi, kipimo cha TB cha ngozi kimevimba milimita 14, sikohoi wala sina homa, nifanyeje? Asanteni sana mlionijibu.

Nilianza na eksirei ya kifua, iko safi. Dada aliyesema chanjo ya TB ya utotoni (BCG) inaweza kudanganya kipimo cha ngozi, nilikusikia. Nikapima kile cha damu, ambacho BCG haikigusi. Chanya. Kumbe ni maambukizi yaliyolala, siambukizi mtu. Natumia dawa za isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki, wiki 12; niko ya tano. Mkojo wa rangi ya chungwa usiwatishe, ni dawa hizo.

Kilichokwama: wenzangu wodini bado hawajapimwa, naambiwa bajeti hakuna. Inaniuma, tunavuta hewa moja.