Mjadala: Jina la mganga lionekane kwenye utafiti wa mitishamba, au lifichwe?

Ndugu zangu, nauleta mjadala huu kwa sababu wanafunzi wetu wa vyuo hapa Uganda wanaendelea kuingia vijijini kusomea etnobotania, yaani jinsi watu wanavyoijua mimea na kuitumia. Msimamo wangu ni huu: mganga anayewafundisha kule porini ni mwalimu wao. Atajwe na alipwe kama mwalimu. Wapo wanaopinga, na hoja zao zina uzito.

Itazameni kwanza kazi yenyewe. Mwanafunzi hukata tawi lenye maua au matunda, hulilaza kati ya magazeti na kulibana mpaka likauke. Baadaye hubandikwa kwenye karatasi ngumu, na pembeni huandikwa jina la kisayansi, mahali, tarehe na jina la aliyelichuma. Aliyechuma ni mwanafunzi. Bibi aliyemzuia mkono akamwambia, "Siyo huo, mjukuu wangu, huo unafanana nao tu," hana mstari wake. Kwenye tasnifu anakuwa namba ndani ya jedwali, na ujuzi wake unabaki maneno manne: mululuza (ule mti wa majani machungu), malaria, majani, huchemshwa. Majani kiasi gani? Maji kiasi gani? Nani asipewe? Hayo ndiyo aliyotumia umri wake kujifunza, na ndiyo yanayoachwa.

Wa kwanza wanasema maadili ya utafiti yanataka majina yafichwe. Kwa mgonjwa, sawa kabisa. Lakini mganga hasimulii ugonjwa wake, anafundisha. Aulizwe mwenyewe: akitaka kufichwa afichwe, akitaka kutajwa atajwe. Uganda ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2019, kwa hiyo hatuzungumzii tena kazi ya kificho.

Wengine wanasema ujuzi wa mababu hauna mwenyewe. Kwa mululuza nakubali, maana nyumba ngapi hazina mti huo uani? Ila kuna michanganyiko ambayo ukoo mmoja tu ndio unaijua, na hapo kuna mwenyewe. Pale ambapo ujuzi ni wa kijiji kizima, basi kijiji kipate fungu lake. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa ambao Uganda ilijiunga nao 2014, inahusu hasa jambo hilo la kugawana faida.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya tatu: ukimtaja na kumlipa mganga, watu wataona dawa yake imethibitishwa. Hofu hiyo ina msingi. Mimea ya jamii ya Aristolochia imetumiwa kama dawa nchi nyingi kwa vizazi, kumbe ina asidi inayoharibu figo na kuleta saratani. Ukongwe wa dawa hauthibitishi usalama wake. Lazima ipimwe, na serikali yetu ina taasisi yake ya utafiti wa dawa za asili pale Wandegeya, Kampala, kwa kazi hiyo hiyo. Lakini kupima hakuzuii kutaja. Dawa ikileta madhara, utajuaje ilitengenezwaje kama aliyekueleza umemfuta?

Tena tazameni dawa ya malaria ya artemisinini. Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel 2015, alikuwa akikwama kuitoa dawa hiyo kwenye mmea wake. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliyeagiza mmea huo ulowekwe majini na kukamuliwa, bila kuuchemsha. Akapunguza moto, na dawa ikapatikana. Namna ya kutengeneza ndiyo iliyofungua mlango, na jina la Ge Hong tunalijua mpaka leo kwa kuwa liliandikwa. Sisi tunawafuta walio hai.

Walimu mnaosimamia tasnifu, naomba mjibu waziwazi: fomu yenu ya ridhaa inampa mganga nafasi ya kuchagua kutajwa? Na bajeti ya utafiti ina fungu la malipo yake, au mna nauli ya mwanafunzi tu? Nanyi waganga na jamaa zao, je, mngependa majina yenu yaandikwe?