Naomba ushauri: mstari wa nuni katika Zaburi 145

Habarini wapendwa. Jumapili nafundisha darasa la Biblia kuhusu Wamasoreti, wale waandishi wa Kiyahudi wa Tiberia walionakili Biblia ya Kiebrania, na nimekwama.

Nimeandaa jinsi walivyoandika pembeni mwa ukurasa kwamba neno fulani linatokea mara ngapi, ili mnakili asipotoke hata herufi moja. Uaminifu ule unanigusa sana. Kisha nikafika Zaburi 145. Kwa Kiebrania mistari yake inafuata alfabeti, alefu hadi tavu, lakini kodeksi ya Leningrad, nakala ya Wamasoreti iliyoandikwa kwa mkono mwaka 1008, inatoka memu moja kwa moja hadi sameki. Mstari wa nuni, herufi iliyo katikati yao, haupo! Gombo la Zaburi la Qumran, lililopatikana karibu na Bahari ya Chumvi, linao mstari huo, na Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki, pia. Nimelinganisha tafsiri mbili za Kiswahili: moja imeuweka kwenye mstari wa 13, nyingine haina.

Wenye ujuzi wa Kiebrania, naomba mnisaidie: je, Wamasoreti waliipokea zaburi mstari huo ukiwa umeshapotea wakakataa kujaza pengo, au kuna hoja nzito kwamba uliongezwa baadaye? Na niwaelezeje wanafunzi, wengi wao wazee wa kanisa, bila kuwatia mashaka wala kuwaficha?