UZI: "Isome kwa tochi ya simu". Huyu mtu wa mashine ya radoni ana nini na sisi?

KisimaKirefu:
Wakuu, simtaji. Mnamjua. Yule anayetembea na funguo za maabara utadhani bwana jela.

Leo nimefuata majibu ya radoni, ile gesi yenye mionzi, ya sampuli 12 za maji ya visima. Kanikabidhi kipande cha karatasi ya printa, cheupe pee, sanda ina rangi kuliko kile. Nauliza namba ziko wapi. Anajibu bila hata kuinua kichwa: "Isome kwa tochi ya simu."

Tochi ya simu!

Ile printa ndogo inayokaa juu ya RAD7, mashine yenyewe ya kupima radoni, haina wino, inachapa kwa joto. Karatasi yake ikikaa juani, maandishi yanafifia. Ikipata joto kali, inageuka nyeusi yote. Yeye anazihifadhi wapi? Mbele ya gari, nyuma ya kioo, jua la Dar saa 8 mchana. Hapo hata hirizi ingefutika.

Nikamwambia haya, mashine si inatunza? Chomeka kebo tuvute data. "Nilifuta, ilikuwa inajaa." Wakuu, kumbukumbu ya ile mashine inabeba rekodi 1,000. Kipimo kimoja cha maji ni mizunguko minne ya dakika tano tano, yaani rekodi nne. Sampuli 12 ni rekodi 48. Imejaa nini, pilau? Na kuna Delete ya kuondoa mfululizo mmoja tu. Yeye kaenda moja kwa moja kwenye Erase, mashine ikamuuliza kama ana uhakika, akasema ndiyo.

Maji yenyewe hayangojei mtu. Kila siku 3.8 nusu ya radoni imeshaondoka. Halafu mtu anakwambia tochi. Ya. Simu.

MzeeWaBomba:
Pole mkuu. Ila umejaribu tochi? 😂

DadaSampuli:
Mleta mada na wewe una lako. Data ya radoni inavutwa siku ileile, haiachwi kwa mwenye funguo. Unachomeka kebo, unafungua CAPTURE, programu ya kuvutia data kwenye kompyuta, unashusha kila kitu, faili ghafi unaliweka pembeni halafu HULIGUSI. Masahihisho yote unayafanya kwenye nakala. Karatasi ni ya kuangalia tu pale mezani kama mizunguko minne inakaribiana.

KisimaKirefu:
Dada, kompyuta yenye CAPTURE iko ndani ya chumba. Funguo za chumba anazo nani? Yuleyule wa tochi.

Mkaa_Mbezi:
Afadhali wako kafuta. Wetu hafuti, anaharibu kimyakimya. Chupa ya mililita 250, yeye kaweka itifaki ya Wat-40, ile ya chupa ya mililita 40. Mashine inapima radoni kwenye hewa iliyozungushwa ndani ya maji, kisha inazidisha kupata kiasi cha kwenye maji. Kwa chupa kubwa inazidisha kama mara 4, kwa ndogo kama mara 25. Kisima cha watu kikaonekana kina radoni mara sita ya ukweli. Alipoulizwa akasema "eneo lile lina miamba".

MzeeWaBomba:
😂😂 Miamba imesingiziwa sana nchi hii.

Fundi_Nukta:
Hiyo inarekebishika, kizidishio kinajulikana. Isiyorekebishika ni chupa isiyo na saa. Unachukua masaa kati ya kuchota na kupima, unagawa kwa 132.4, unaiweka kama kipeo cha e, hicho ndicho cha kuzidishia. Maji yaliyolala siku moja yanazidishwa kwa 1.2, ya siku tatu kwa 1.72. Bila saa ya kuchota unazidisha kwa nini, kwa imani?

Na mwandike saa ya mashine! Kuna mtu kaandika "saa 3" kwenye chupa, ya asubuhi, kwa Kiswahili chake safi. Mwingine akaingiza 03:00. Masaa sita ya bure, majibu yamepanda karibu asilimia 5. Andika 09:00, lugha haitakufa.

BintiGongoLaMboto:
Wa kwetu kazidi. Mashine inasoma bekereli, kile kipimo cha mionzi, kwa kila mita ya ujazo, yeye kwenye ripoti kaandika "kwa lita". Maji ya 11 yakawa ya 11,000. Mwongozo wa zamani wa WHO ulikuwa 100 kwa lita. Mwenye kisima nusura akifukie.

KisimaKirefu:
Hayo yote mazito, lakini NANI amewahi kuambiwa asome karatasi nyeupe kwa tochi ya simu?

Mkaa_Mbezi:
Mkuu tumekusikia, tochi.

DadaSampuli:
Tukiwa hapohapo, nani anachukua chembe za kukaushia hewa inayoingia kwenye mashine? Bomba lao kubwa lilikuwa la bluu Ijumaa, Jumatatu waridi tupu, yaani zimelowa. Kwa hewa ya Dar bila chembe kavu, unyevu ndani ya mashine unapita asilimia 10, poloniamu, ile inayotokana na radoni, haifiki vizuri kwenye kigunduzi, majibu yanashuka, na hakuna kengele itakayolia. Ndiyo maana kila rekodi ina unyevu wake. Someni hiyo safu kabla hamjasema maji salama.

MzeeWaBomba:
Mlinzi kaweka simu yake humo, iliingia maji.

DadaSampuli:
NILIJUA.

Fundi_Nukta:
Zianike kwenye oveni, tabaka moja, nyuzi 200, masaa mawili. Zinarudi bluu.

BintiGongoLaMboto:
Oveni gani, ile mnayopashia chapati?

MzeeWaBomba:
Chapati zenyewe zimepanda bei pale getini, mmeona?

Mkaa_Mbezi:
Na zimepungua upana! Ufunguliwe uzi wake.

KisimaKirefu:
Samahani natoka nje ya mada. Kigeuzi cha USB kwenda pini 9 kinapatikana wapi? Nataka nivute mwenyewe kwa kompyuta yangu.

Fundi_Nukta:
Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Weka kwanza programu yake ya kukiendesha, la sivyo CAPTURE haitaiona mashine.

MzeeWaBomba:
Nenda na tochi, mle madukani umeme umekatika.